Vifungo vya Kijeshi Kutoka Mashamba ya Kanda ya Kati: Kisome Kabla ya Kukisafisha

Detekta za metali nyingi zilizopo kanda ya kati ya Tanzania zilinunuliwa kwa ajili ya dhahabu, lakini anayeipitisha katika mashamba ya Kondoa au Mpwapwa huenda akaokota kifungo cha sare ya askari. Wengi hukisugua kwa limau na mchanga hadi king'ae, kisha hukitupa kwa sababu si ile mali inayosemekana kufukiwa na Mjerumani waliyoitarajia. Ushauri wangu ni kwamba kifungo kisomwe kwanza, kwa kuwa usafi wa pupa hufuta habari zote kilizobeba.

Habari hizo si haba. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mwezi Aprili 1916, kikosi cha Jenerali Jacob van Deventer wa Afrika Kusini, aliyepigana upande wa Waingereza, kiliiteka Kondoa Irangi, Mei majeshi ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, yakashindwa kuirudisha mikononi mwao, na kufikia mwisho wa Julai Dodoma na kipande chake cha Reli ya Kati vilikuwa vimekwisha kutwaliwa. Ndiyo maana vifungo vya pande zote mbili vinaweza kulala katika shamba moja. Wapagazi waliobeba vyakula na risasi za majeshi hayo kwa kawaida hawakuvaa sare za namna hiyo, hivyo safari zao hazikuacha vifungo, na njaa ya Mtunya iliyoikumba Ugogo baada ya majeshi kupita haikuacha hata kimoja. Nalikumbuka hilo kila ninapoandika lebo.

Uchunguzi uanze kifungo kikiwa na vumbi lake. Pima upana kwa rula, andika mahali na kina ulipokitoa, kisha tazama kipete cha nyuma cha kushonea, kwa sababu uzi uliobaki humo ni ushahidi kwamba kiliingia ardhini kikiwa bado kimeshonwa kwenye nguo. Halafu zima taa ya chumbani na ulaze tochi ubavuni mwa kifungo, karibu igusane na meza. Kimoja nilicho nacho kutoka nje ya mji wa Kondoa kilionekana kipara kabisa chini ya taa ya darini, lakini mwanga wa ubavuni ulitoa kivuli cha mguu wa simba, kisha ukingo wa ngao, kisha taji.

Simba na farasi mwenye pembe moja walioishika ngao ni nembo ya ufalme wa Uingereza. Ikiwa matao ya taji yamepanda na kuwa mviringo juu, kuna uwezekano mkubwa kwamba kifungo ni cha kati ya 1901 na 1952, ilhali matao yaliyobonyea katikati kwa kawaida ni ya enzi ya Malkia Elizabeth II, yaani muda mrefu baada ya vita hivyo. Vya Kijerumani mara nyingi hubeba taji peke yake. Maandishi ya nyuma, kama vile Firmin wa London au Gaunt wa Birmingham, humtaja mtengenezaji wala si kikosi. Tena usiharakishe kutangaza kwamba umepata uwanja wa mapigano, kwani makoti ya jeshi yaliyotumika yaliuzwa kwa raia baada ya vita, na mkulima aliweza kuangusha kifungo akipalilia.

Katika kusafisha, maji ndiyo jambo la kwanza. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, na chumvi ni adui mkubwa wa shaba, kwa hiyo nunua maji ya betri yaliyotoneshwa, ukihakikisha kwamba hukupewa asidi ya betri. Loweka kifungo kwa muda mfupi, toa udongo kwa mswaki laini, na mikunjo uifuate kwa njiti ya meno ya mti. Kifungo chenye kipete cha chuma, cha mfupa au cha ngozi kisilowekwe kamwe. Limau na siki hula zinki iliyomo katika shaba ya njano na kuacha uso wenye wekundu usiorudi, na dawa za kung'arisha hukwangua dhahabu nyembamba iliyopakwa juu. Rangi ya kahawia au kijani kibichi iliyo ngumu na isiyoparuza iache, kwa kuwa ndiyo ngozi inayokilinda kifungo. Nta ya nyuki ya kupaka juu ya kifungo, ingawa tunayo tele, ina asidi zake, nami siipaki.

Kuchimba kwa nia ya kutafuta mabaki ya kale kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, shamba lina mwenyewe wa kuombwa ruhusa, makaburi ya vita hayaguswi, na ukikuta kombora uache kuchimba, uondoke na kuwaita polisi.

Kifungo kikikauka kabisa, kihifadhi ndani ya kopo lenye mfuniko pamoja na vipakiti vya silika vinavyopatikana katika maboksi ya viatu. Mvua za Desemba zinapoanza, kagua kila kimoja, na chochote kinachotoa unga wa kijani hafifu unaorudi hata baada ya kufutwa, kitenganishe na vingine siku hiyo hiyo, kikae peke yake mahali pakavu zaidi.