Saa ya kufunga mzigo ni saa ya safari: maswali yenu na majibu

Maswali ya kufunga mizigo kwenye trela za flatibedi (zile bapa zisizo na kuta za pembeni) yamekuja mengi, leo najibu matano. Nimeendesha barabara ya Malaba mpaka Katuna, hapa Uganda, miaka mingi na sasa nasimamia upakiaji.

Dereva, Jinja: Bosi ananipa nusu saa kufunga tani 28 za nondo kwenda Mbarara, nikizidisha ananikata pesa. Hii kazi hasa inataka muda gani?

Kaka, saa moja na nusu kama una tanboi (msaidizi wa dereva) anayejua kazi, masaa mawili kama mvua inanyesha, na chini ya hapo usikubali. Nusu saa inatosha kurusha mikanda juu na kukaza basi, haitoshi kufagia sakafu ya trela, kulaza mbao chini ya mafungu, kuyasukuma mpaka yaguse ukuta wa mbele, kukagua mkanda mmoja mmoja kama nyuzi zimekatika, alafu kuzunguka tena mara ya pili. Hio mara ya pili watu wanaiona ni kupoteza muda na ndo yenye kazi yenyewe, sababu nondo ukishazikaza zinajipanga upya ndani ya fungu, zinakaa, na mkanda uliokua unalia ukiupiga kidole baada ya dakika kumi umelegea.

Nakwambia kwa uchungu. Miaka yangu ya mwanzo nilipakia mabomba ya chuma Kampala kupeleka Mbale, malori yamepanga foleni nyuma yangu yanapiga honi, msimamizi anapiga kelele toa gari toa gari, nikafunga kwa robo saa. Mabomba ya juu yalikua yamepita ule ukuta wa mbele, niliona kwa macho yangu, nikasema twende tu. Ndani ya msitu wa Mabira taxi ya abiria ikasimama ghafla kushusha mtu, nikakanyaga breki, gari ikasimama mabomba yakaendelea. Moja likatoboa kabini kwa nyuma likapita juu kabisa ya kitanda, na tanboi wangu alikua amelala pale tangu Mukono, hata dakika tano hazikua zimeisha tangu aamke, alikua amekaa mbele anamenya chungwa. Alishuka akakaa kando ya barabara na lile chungwa mkononi limemenywa nusu, hakusema neno mpaka polisi wakafika.

Sasa bosi mpelekee hesabu. Ukikanyaga breki kwa nguvu zote mzigo unaweza kusukuma mbele kwa nguvu ya kama asilimia 80 ya uzito wake, tani zako 28 zinakua zaidi ya tani 22 zinazoelekea mgongo wako. Kwenye kona ni kama nusu ya uzito inasukuma pembeni. Andika saa uliyoanza na saa uliyomaliza, piga picha pande zote nne, mtumie kwa WhatsApp kabla hujawasha gari. Akishaona picha ujue naye ameshajua mzigo ulivyofungwa, kukukata pesa inakua ngumu.

Mwenye lori, Tororo: Mikanda yangu imeandikwa tani 5. Nikibeba tani 10 za simenti kwenye paleti, mikanda miwili si inatosha?

Haitoshi mzee wangu, na hili kosa nalikuta kila wiki. Tani 5 ni vile mkanda wenyewe unavyovumilia kuvutwa. Lakini ukiupitisha juu ya mzigo kazi yake ni kukandamiza, na unakandamiza kwa nguvu ile mkono wako uliyotia kwenye racheti (kile kifaa cha kukazia mkanda), ambayo kwa racheti ya kawaida ni kama kilo 300, angalia kwenye lebo palipoandikwa STF, ndo nguvu inayobaki kwenye mkanda ukishakaza. Pande mbili inakua kilo 600. Paleti ya mbao juu ya sakafu ya mbao kavu inashika kama asilimia 40 ya uzito unaoikandamiza, kwa hio mkanda mmoja unakuongezea kilo 240 tu za kuzuia kuteleza. Simenti yako kwenye breki inataka kuzuiwa tani 8, ile asilimia 80, uzito wake wenyewe unazuia 4, zinabaki 4, gawanya kwa kilo 240 uone: mikanda kama 17! Nani ana mikanda 17?

Ndo maana paleti ya kwanza lazima iguse ukuta wa mbele na zinazofuata zigusane, usiache nafasi. Na nunua ile mikeka ya mpira ya kuzuia kuteleza, ukitandika chini ya paleti unashika kama asilimia 60, ile hesabu ya mikanda 17 inashuka mpaka 6. Na hapo ni kama sakafu ni safi, vumbi la simenti iliyomwagika juzi likibaki pale chini hizo namba zote zinaharibika. Weka na kona za plastiki, mifuko isipasuke.

Fundi, Arua: Mbao nafunga kwa kamba ya manila tangu zamani, kuna shida?

Iko. Fundo peke yake linakula karibu nusu ya nguvu ya kamba, na mbao zikitikisika hakuna racheti ya kukaza tena. Kamba iache ifunge turubai.

Hoima: Ekskaveta (mashine ya kuchimba) ya tani 20 kwenye lobedi, ile trela ya chini ya kubebea mashine, ni nzito na ina breki, minyororo miwili yatosha?

Minne, kila kona wake, na hio ni mwanzo tu. Marekani sheria yao inadai pointi nne kwa mashine yoyote kuanzia tani 4.5 na wewe una 20. Mnyororo wa milimita 10 wa gredi 80 (daraja la uimara wa chuma) unavumilia kama tani 6.3. Ndoo ishuke chini na ifungwe na mnyororo wake peke yake. Alafu toa matope kwenye nyayo za mashine kabla haijapanda, toa yote, sababu chuma juu ya chuma chenye matope ni kama sabuni, nimeona mashine inahama kwenye mteremko na breki yake imefungwa.

Tanboi, Busia: Dereva wangu akishaondoka hataki kusimama kukagua mpaka Kampala. Nifanyeje na yeye ni mkubwa wangu?

Mdogo wangu, mwombe kwa heshima ukiwa bado chini, kabla hajapanda, akishakua kwenye usukani hasikii. Wamarekani wanalazimishwa kukagua kabla ya kilomita 80 za kwanza kuisha na baadae kila masaa matatu au kilomita 240, nasi tuna matuta ya kila trading senta. Mimi nikitoka Busia nilikua nasimama Bugiri, alafu Iganga, alafu Njeru kabla ya kuingia Mabira. Akikataa kabisa, akisimama kununua gonja (ndizi ya kuchoma) au kukojoa wewe ruka chini uguse kila mkanda. Ukikuta racheti inakubali meno mawili matatu zaidi usiikaze kimya kimya, mwite ashuke aikaze na mkono wake.