Muulize Bwana Mifugo: Naenda Ujerumani, mbwa wangu Sijali nimfanyeje?

SWALI

Shikamoo Bwana Mifugo. Natokea kijiji kimoja cha wilaya ya Sikonge, mkoa wa Tabora. Naishi na mama yangu mzazi na mpwa wangu aliye darasa la sita. Nina mbwa dume wa kienyeji, anaitwa Sijali, ana miaka 4. Alfajiri tunakwenda naye kisimani, yeye anatangulia. Nikiwa shambani analala chini ya mwembe, lakini ngedere wakigusa tu mahindi anakuwa ameshafika. Usiku analala mlangoni pa zizi la mbuzi, na tangu tuwe naye fisi hajachukua hata mmoja. Anakula ukoko wa ugali na mchuzi wa dagaa, na chakula kikipungua anakula hata matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kama sisi. Mama ni mtu wa swala tano, hamgusi, na chombo chake kinakaa nje peke yake, lakini hajawahi kumlaza njaa.

Sasa nimepata nafasi ya kwenda Ujerumani kusomea uuguzi kwa miaka 3. Bado nasubiri mtihani wa lugha na viza, pengine nitaondoka mwakani. Kila mtu ananipongeza na mimi nimefurahi, ila usiku nikimsikia Sijali anabweka usingizi unaruka. Shangazi anasema mbwa ni mbwa, nitapata mwingine. Kaka aliyeko Dar anasema Wazungu wanasafiri na mbwa kwenye ndege, kwa nini mimi nishindwe? Je, naweza kumchukua? Na ikishindikana, nimwacheje bila kumtesa? Jambo lingine dogo: tangu mwezi uliopita jicho lake la kushoto limeingia kiwingu cha bluu na amepungua mwili kidogo. Nadhani alichomwa na mwiba.

Binti wa Sikonge

JIBU

Marahaba binti yangu, na hongera sana. Niruhusu nianze na hilo uliloliita dogo, maana lenyewe halisubiri viza.

Nimefanya kazi ya mifugo mkoa huu wa Tabora tangu ujana wangu mpaka nikastaafu, na jicho la namna hiyo nimeliona mara nyingi kwa mbwa wa vijiji vya msituni. Miombo yenu, kuanzia Sikonge mpaka Urambo na Kaliua, ina mbung'o, wale ambao wengi tunawaita ndorobo. Mbung'o anayempa ng'ombe ugonjwa wa nagana humpa mbwa pia, na mbwa huumwa vibaya sana. Anapata homa inayokuja na kuondoka, fizi zinapauka, anakonda huku bado anakula, wakati mwingine uso au miguu inavimba, na jicho linafunikwa na kiwingu cheupe chenye ubuluu. Asipotibiwa, mara nyingi hufa. Inawezekana kweli ni mwiba, na homa ya ini ya mbwa nayo hufanya jicho liwe hivyo. Lakini mbwa aliyechomwa na mwiba hulifumba jicho na kutoa machozi, na mwiba haumkondeshi mtu wala mbwa. Kukonda huko ndiko kunakonitia wasiwasi.

Kwa hiyo wiki hii, siyo ijayo, mwone afisa mifugo wa kata. Damu ichukuliwe na itazamwe kwa hadubini. Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, wana kituo Tabora mjini, na kutoka Sikonge mjini mpaka hapo ni kama kilomita 70. Na nakuomba sana: asitokee jirani mwenye huruma akamdunga dawa ya ng'ombe kwa kukadiria. Ile diminazini, unga wa njano unaochanganywa na maji, ni dawa nzuri, ila kwa mbwa ikizidi kidogo tu inapiga ubongo. Sijali apimwe uzito kwanza, na kipimo kiandikwe na mtaalamu.

Mbung'o hao huwauma na watu, nao wanaleta malale. Mama au mpwa wako akipata homa isiyokwisha na kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, mwambieni mganga wa zahanati kwamba mnaishi kwenye mbung'o. Usisubiri akuulize.

Sasa safari. Kaka yako amesema kweli, inawezekana. Sheria ya Umoja wa Ulaya inamruhusu mtu kuingia na mbwa wake, ila Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi zinazopewa masharti mepesi kuhusu kichaa cha mbwa. Kwetu inakuwa hivi: kwanza Sijali awekewe chipu chini ya ngozi, yenye namba ya tarakimu 15. Baada ya chipu ndipo achanjwe, maana chanjo iliyotangulia chipu haihesabiwi, na hapo ndipo wengi hukwama. Zipite angalau siku 30, atolewe damu, ipelekwe kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya, nayo ionyeshe kinga isiyopungua uniti 0.5 kwa kila mililita. Kuanzia siku aliyotolewa damu mnasubiri miezi 3. Halafu inakuja hati ya afya ya daktari wa mifugo wa serikali, na hati hiyo ina siku 10 tu za kukufikisha mpakani. Hata kila kitu kikienda sawa, hesabu yake haipungui miezi 4, bado kizimba cha ndege ambamo anaweza kusimama, kugeuka na kujilaza, na nauli yake. Akifika na karatasi pungufu anaweza kurudishwa, au akawekwa karantini kwa gharama yako, na ikishindikana kabisa sheria inaruhusu auawe. Nimekueleza yote ili uamue ukijua, siyo kwa kusikia.

Ushauri wangu ni kwamba usimchukue.

Fedha na karatasi siyo sababu yangu, maana hizo mtu akikaza hupatikana. Namfikiria Sijali akiwa ndani ya chumba. Mwanafunzi wa uuguzi kule anaingia wodini zamu ya asubuhi, ya jioni na ya usiku, pamoja na masomo. Mabweni mengi hayapokei mbwa. Ukipata chumba cha kupanga utamwomba mwenye nyumba, utalipa kodi ya mbwa kwenye halmashauri ya mji huo, na sheria yao imekataza kumweka mbwa kwenye mnyororo. Sheria nzuri, naipenda. Lakini ukiwa zamu ya usiku, nani atamtoa nje? Mbwa huyu hajawahi kufungiwa mlango maishani mwake. Amezoea njia ya kisimani, amezoea zizi, anajua ngedere watatokea upande gani wa shamba. Desemba huko jua linakaa kama saa 8 tu, na yeye atakuwa peke yake chumbani anasikiliza lifti.

Halafu kuna mama. Ukiondoka na mbwa, mama anabaki na mbuzi bila mlinzi na mahindi bila wa kufukuza ngedere, mwaka uleule ambao mikono yako nayo imeondoka. Mbuzi wale ndio sare na madaftari ya mpwa wako. Kwa kumwacha Sijali unamwachia mama msaada mkubwa kuliko unavyodhani.

Shangazi yako simuungi mkono. Ungekuwa na moyo wa kusema mbwa ni mbwa usingeniandikia, na mimi nisingependa kuuguzwa na mtu wa moyo huo. Mwambie kwa adabu kwamba mnyama aliyekulinda miaka 4 anaagwa kwa utaratibu.

Makabidhiano yaanze mwezi huu. Nilimjua mwalimu mmoja aliyehamishwa kituo. Asubuhi ya safari ndipo akampeleka mbwa wake kwa jirani, akamfunga kamba na kupanda gari. Mbwa alikata kamba siku ileile akarudi kwenye nyumba tupu, akawa halali kwingine ila kwenye kibaraza kile, na chakula cha jirani hakigusi. Alikonda mpaka wanakijiji wakaanza kumwogopa wakidhani ana kichaa. Hakuwa na kichaa. Alikuwa anangoja.

Mpwa wako aanze kumpa chakula kwa mkono wake, kila jioni, wewe ukiwepo na ukiwa umekaa pembeni. Baadaye aende naye kisimani na wewe ubaki ndani. Sijali atarudi nusu ya njia kukuangalia, usitoke. Atafanya hivyo siku kadhaa, kisha ataacha. Ukishaona amekubali, nenda kalale kwa ndugu Tabora mjini siku mbili tatu, urudi, uende tena ukae zaidi. Akizoea kwamba unaondoka na nyumba inabaki ileile, safari kubwa haitamvunja. Kitu kingine chochote kisibadilike: mahali pa kulala palepale mlangoni pa zizi, chombo kilekile, muda uleule wa kula. Asubuhi ya kuondoka asifungwe. Muage, umshike kichwa kama ulivyozoea, kisha mpwa aondoke naye kuelekea shambani kabla bodaboda haijafika kukuchukua.

Hapo kuna jambo ambalo naona hamjalipigia hesabu. Mpwa yuko darasa la sita. Wewe utakaa huko miaka 3, na kabla hujarudi yeye atakuwa sekondari, pengine ya bweni. Kwa hiyo anahitajika mtu wa pili, na mtu huyo Sijali amzoee sasa. Kama kuna jirani anayepita kwenu kila siku, anayechunga mbuzi upande huohuo, zungumza naye, na mazungumzo yafanyike mbele ya mama ili yawe makubaliano ya nyumba mbili.

Mama usimbebeshe kazi ya kumshika mbwa. Dini yake inamruhusu kufuga mbwa wa kulinda mifugo na shamba, na taratibu za twahara, yaani usafi wa kidini, anazijua kuliko mimi na wewe. Kumwogesha dawa ya kupe na kumpeleka kwenye chanjo ziwe kazi za mpwa na huyo jirani. Mama abaki na anachokifanya siku zote, kuhakikisha hajalala njaa, na kwa mtu anayetunza swala zake hivyo huo ni wema mkubwa. Mwambie kwamba unauona.

Vijana wa kijijini nao watakuja. Ukishaondoka tu, watamwomba mpwa amwazime Sijali wakawinde. Kataa mapema, wewe mwenyewe, wakusikie kwa mdomo wako. Mbwa wa kuwinda wananaswa kwenye mitego ya waya, wanaingizwa kwenye hifadhi, na kesi inaishia kwa mtoto wa darasa la sita.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni kila mwaka, aende Ulaya au abaki Sikonge. Halmashauri nyingi huchanja karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa hiyo mwulize afisa mifugo mapema ratiba ya kata yenu. Na mtu yeyote akiumwa na mbwa, awe Sijali au mwingine, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Mpwa ajue hilo kwa moyo.

Mbwa wa kienyeji anayechanjwa na kuoshwa kupe huweza kufika miaka 10 na kupita, kwa hiyo ukirudi likizo au ukimaliza masomo una haki ya kutegemea kumkuta. Kadi yake ya chanjo andikeni jina la mpwa kama mtunzaji, muiweke pamoja na kadi za kliniki za nyumba nzima. Namba ya afisa mifugo iwe kwenye simu ya mama, na umfundishe mpwa kuipiga bila kukusubiri wewe, kwa sababu zamu ya wodini ikianza simu yako itakuwa kabatini.