Mifupa chini ya kiota si hesabu ya mlo

Kila msimu wanakuja wasaidizi wapya, na kila msimu fomu zinarudi na makosa yaleyale, utadhani yanakabidhiwa pamoja na mabuti. Basi, wadogo zetu, someni haya kabla hamjaingia tena msituni kumfuatilia Stephanoaetus coronatus, yule tai mwenye ushungi. Msinune. Tusingewapenda tusingewafokea.

1. Kinda jeupe kichwani na kifuani si lazima liwe la Polemaetus bellicosus, tai mwingine mkubwa. Tazameni miguu na mkia: wetu ana madoa meusi miguuni, mkia mrefu wenye mistari mipana, mabawa mafupi ya kukatia kona kati ya miti. Yule mwingine miguu yake ni myeupe mitupu, mabawa marefu, mkia mfupi.

2. Kiota kitupu hakijahamwa. Jike hutaga yai moja au mawili na kuatamia siku 50 hivi. Kinda hukaa kiotani takriban siku 110, na likishaanza kuruka huendelea kulishwa na wazazi miezi 9 hadi 11. Jumlisheni wenyewe: jozi iliyofanikiwa hutaga kila baada ya miaka miwili. Mwaka wa pili mnakuta hakuna yai, mnaandika "wameondoka", na huku kinda lenu liko mita mia kadhaa kutoka hapo, linapiga kelele ya njaa mchana kutwa. Lisikilizeni kwanza, kisha ndipo mjaze fomu. Na makinda mawili yakiwa moja ndani ya siku chache, msimsingizie nyoka; mkubwa humuua mdogo, ndiyo kawaida yao.

3. Sasa lile linalotuumiza kichwa. Mtu anafika chini ya mti, anakuta rundo: mafuvu ya kima, nyonga, mifupa ya paja, kwato za paa. Anazoa vyote kwenye mfuko mmoja wa plastiki, anahesabu vipande, anaandika asilimia ya kila mnyama katika mlo wa tai. Ameshakosea mara nne, na atakayekaa mezani na mfuko huo hana namna ya kumwokoa.

Rundo la siku ya kwanza ni la miaka isiyojulikana, maana kiota hicho hicho huongezewa vijiti mwaka hadi mwaka mpaka upana ukapita mita mbili. Siku hiyo okoteni kila kitu, safisheni chini yote, na mkusanyo huo uwekwe peke yake. Hesabu ya mlo inaanza ziara inayofuata.

Plastiki nayo haifai. Mfupa wenye mabaki ya nyama ukifungiwa humo unaoza na kuota ukungu, na mikwaruzo midogo haisomeki tena. Tumieni karatasi au kitambaa, lebo moja ndani na nyingine nje, kwa penseli: namba ya kiota, tarehe, jina la aliyeokota. Wino wa kalamu za kawaida mvua inaumaliza.

Halafu, vipande si wanyama. Mkiwa na mifupa ya paja ya kima, kushoto mitano na kulia mitatu, idadi ya chini kabisa ni kima 5, si 8. Mafuvu yakiwa 7, chukueni 7. Ila paja ambalo ncha zake hazijaungana na shina la mfupa ni la mtoto. Haliwezi kuwa mwenza wa paja la mzee, kwa hiyo hapo hesabu inapanda.

La nne ndilo baya zaidi, kwa sababu halionekani. Mafuvu na mifupa ya miguu ya nyuma hudumu. Mbavu, pingili za uti wa mgongo na vidole hupotea. Ndege na watoto wa perere wakiliwa hakibaki karibu chochote. Panya na nguruwe mwitu hubeba vyao, na dume mara nyingi hunyonyoa windo kwenye tawi la mbali kabla ya kulileta. Ni kweli kwamba Kibale, Uganda, na Taï, Côte d'Ivoire, kima na jamaa zao ndio windo kuu. Lakini kwingine perere, pimbi na paa hutangulia, na rundo peke yake haliwezi kuwaambia mko msitu wa aina gani. Zungukieni pia matawi ya kunyonyolea, na kamera ya kiotani ifungwe kabla ya kutaga, si baada.

Someni alama pia. Tai hutoboa fuvu kwa kucha na kukwaruza mfupa wa bega kwa mdomo, lakini mifupa mirefu mara nyingi huiacha nzima. Mkiona ncha zimetafunwa, fikirieni chui. Fuvu la mtoto wa Taung, kisukuku cha jamaa wa kale wa binadamu kutoka Afrika Kusini ambacho mwanaanatomia Raymond Dart alikitangaza mwaka 1925, lilisomwa upya kwa njia hii: mwaka 2006 mtafiti wa visukuku Lee Berger alionyesha alama ndani ya matundu ya macho zinazofanana na za mafuvu ya kima walioliwa na tai huyu. Mngelitia kwenye plastiki hilo!

4. Sauti nyembamba hewani ni ya dume, nzito zaidi ni ya jike. Mkiisikia ikitoka kichakani kimo cha goti, huyo ni Cossypha natalensis, ndege mdogo, anaiga; msimwandike.

5. Msipande mti wenye kinda bila kofia ngumu na mtu wa kuangalia nyuma yenu. Jike hushambulia bila onyo, na hulenga mgongo na kichwa.