Efekti zishutiwe kabla watazamaji hawajaingia

Msomaji mmoja ametuletea skripti ya komedi ya anga: kurasa 46, chombo kimoja kilichopotea njia, roboti mwenye wivu, na shoti 31 za efekti, yaani picha za ujanja kama milipuko na vyombo vya anga. Anataka kurekodi yote mbele ya watazamaji kwa usiku mmoja, na swali lake ni anunue kamera gani. Ndugu yangu, kamera yoyote nzuri itakufaa. Kitakachokuangusha ni hizo shoti 31.

Urefu hauna shida. Skripti ya kamera nyingi, yaani ya kipindi kinachorekodiwa kwa kamera kadhaa kwa pamoja, huchapwa kwa kuacha nafasi pana kati ya mistari, kwa hiyo ukurasa mmoja ni kama nusu dakika. Kurasa 46 ni dakika 23 hivi, karibu kabisa na nafasi ya nusu saa yenye matangazo. Shida ni usiku wenyewe. Kurekodi mbele ya watu huchukua saa tatu hadi nne, na kila onyesho huchezwa angalau mara mbili. Shoti inayodai kamera ifungwe, taa zipangwe upya na mwigizaji aning'inizwe kwa waya hula dakika 20 kirahisi. Zikifika kumi, usiku umekwisha. Na watu waliokaa dakika 20 wakitazama migongo ya mafundi hawacheki tena, hata utani uwe mtamu vipi.

Chukua kalamu mbili za rangi, pitia skripti upya. Rangi ya kwanza ipake kila shoti ambayo mwigizaji anasema jambo la kuchekesha na anahitaji kusikia watu wakicheka. Rangi ya pili ni mengine yote: chombo kikipita, mlipuko, mlango unaoyeyuka, mtu kugeuka mdudu. Hayo hushutiwa siku moja au mbili kabla, yakaunganishwa hata kama rangi hazijarekebishwa, kisha usiku wa kurekodi yakaonyeshwa kwenye skrini zilizoning'inizwa mbele ya watazamaji, kila moja mahali pake katika hadithi. Watu wanafuata kisa bila kukatika, nawe unapata kicheko chao halisi.

Kuna wanaosema basi watazamaji waondolewe kabisa. Red Dwarf, komedi ya anga ya BBC, ilifanya hivyo katika msimu wake wa 7, uliorushwa mwaka 1997: ilishutiwa bila watu studioni, kisha watu wakaonyeshwa picha zilizokwisha kuunganishwa ili kicheko kirekodiwe. Kamera inapata uhuru, hilo hatukatai. Lakini mwigizaji asiyesikia kicheko hajui asubiri kiasi gani. Ama anaukanyaga utani kwa mstari unaofuata, ama anaacha kimya kisichojazwa na mtu. Msimu wa 8, mwaka 1999, watazamaji walirudi. Sisi tuko upande wa msimu wa 8.

Katika kazi za rangi ya pili, inayoharibika mara nyingi ni mwigizaji mmoja kucheza watu wawili. Funga kamera kwenye miguu mizito, weka mifuko ya mchanga, zima kila kitu kinachojirekebisha chenyewe: fokasi, mwanga, rangi. Kila upande hurekodiwa peke yake, kisha pande mbili huunganishwa; mshono wa picha upitie kwenye kitu kilichosimama wima, mfano fremu ya mlango, na mtu asiuvuke, wala kivuli chake. Rekodi kwanza upande unaosema zaidi, kwa kuwa huo ndio unaopanga mwendo, halafu sauti yake ichezwe kwenye kisikizi kidogo sikioni mwa mwigizaji anaporekodi upande wa pili. Pande mbili zisipogusana, mhariri anaweza kuisogeza moja mbele au nyuma kwa fremu kadhaa (picha moja moja zinazounda video) hadi jibu liangukie mahali pake. Baada ya utani mkubwa acha sekunde mbili za kutazamana, watazamaji watazihitaji.

Modeli ya chombo ina hesabu yake. Kitu kidogo kinachoanguka au kulipuka humaliza safari haraka mno, na jicho linajua ni kidogo. Dawa ni kuongeza kasi ya fremu kwa kipeuo cha pili cha udogo wa modeli. Modeli ikiwa sehemu 1 ya 25 ya ukubwa wa kweli, kipeuo cha pili cha 25 ni 5, na kasi huzidishwa kwa 5. Kama kipindi kinaonyeshwa kwa fremu 25 kwa sekunde, mlipuko ushutiwe kwa fremu 125. Chombo kinachoelea tu hakihitaji hesabu hiyo. Kinahitaji tundu la lenzi libanwe hadi f/16 au zaidi ili mbele na nyuma vionekane sawa, na taa moja kali ya upande mmoja iwe ndiyo jua. Ukiongeza taa ya pili ya kulainisha vivuli, umepata mwanasesere juu ya meza.

Korido moja inatosha chombo kizima. Jenga paneli za mita 1.2 kwa 2.4, saizi ya ubao wa plaiwudi, ziweze kugeuzwa na kubadilishwa rangi ya taa. Hakuna mtazamaji aliyewahi kudai kuona korido ya pili. Taa ndogo za LED ndizo zenye ubishi. Nyingi hupunguzwa mwanga kwa kuwashwa na kuzimwa haraka sana, na kamera hulinasa hilo kama mistari inayotembea. Ziendeshe kwa umeme wa mkondo mnyoofu (DC), kama wa betri, na zipunguze kwa rezista. Feni za kupoza vazi la roboti zizimwe kila anaposema, la sivyo maikrofoni yake itakuletea mvumo tu.

Kofia za anga: ondoa kioo. Kioo huakisi kamera zote nne, hushika mvuke na huzuia sauti. Mng'ao kidogo ukihitajika, uongezwe wakati wa kuhariri. Taa za ndani ya kofia ziwe hafifu, maana zikiwa kali mwigizaji haoni anapokanyaga.

Upande wa sayansi hatuna mengi. Kanuni ya mashine ya kubuni katika hadithi itajwe kwa sentensi moja kabla ya ukurasa wa 5, ikiwezekana na mhusika aliyechoka kuieleza, na ukurasa wa 40 usizuke na kanuni mpya ya kumwokoa mtu. Anayefanya hivyo hajamaliza kuandika.

Kicheko kirekodiwe kwenye njia zake za sauti, mbali na sauti za waigizaji, kwa maikrofoni zilizoning'inizwa juu ya viti. Onyesho likirudiwa, watu hucheka kidogo kwa kuwa utani wanaujua, kwa hiyo mhariri huchukua kicheko cha mara ya kwanza na kukiweka chini ya picha ya mara ya pili. Tahadhari: maikrofoni hizo husikia pia spika za studio, na neno la mwigizaji likibaki ndani yake utalisikia mara mbili. Kata baada ya neno la mwisho, kiingie polepole kwa fremu chache. Kama kicheko kilianza kabla neno halijaisha, chukua na picha ya mara ya kwanza, hata kama jicho moja la roboti lilikuwa limezimika.