Ukitaka MGB hapa Mombasa, lala chini ya gari kwanza

Kila nikiegesha pale Mama Ngina, kando ya bahari, jioni, hata mhogo sijanunua, mtu ashakuja kuuliza hii gari gani, na akimaliza hilo swali la pili huwa ni utaniuzia? Siuzi. Lakini wacha niwaeleze vile niliipata, manake nililipa karo ya ujinga na sioni haja ya mwengine kuilipa tena.

Ni MGB GT ya 1972, gari ndogo ya spoti ya Kiingereza, na GT ni ile yenye paa la bati. MGB zilitengenezwa Uingereza kuanzia 1962 mpaka 1980, zaidi ya nusu milioni, kwa hivo sio gari ya ajabu huko kwao. Injini ni ya cc 1800, kabureta mbili, na ukitarajia spidi jua kabisa kuwa Probox ya miraa itakupita mchana kweupe na itakupigia honi. Watu hununua kwa ile sura na ile sauti, mimi pia sijifichi.

Ya kwanza nilinunua 2015 hapa hapa kisiwani, laki tatu na nusu. Rangi yang'ara kama sahani ya harusi, injini yanguruma vizuri, nikaizunguka mara mbili nikatoa pesa. Miezi miwili baadaye nikapata pancha, nikaipiga jeki, halafu nataka kuchukua spana ndani na mlango wa dereva haufunguki. Nikaishusha chini, mlango ukafunguka. Nikainua, ukakwama. Hapo moyo ukaniruka. Fundi wa bodi alipopiga msasa tukakuta filla, ile lipu ya kuzibia bati, chini ya filla magazeti, chini ya magazeti hakuna kitu, hewa tu.

Sasa sikiza vizuri hapa. Hii gari haina chesisi ya peke yake kama lori, bodi yenyewe ndo chesisi, na kinachoibeba katikati ni zile boksi za bati zinazopita chini ya milango, pale unapovuka mguu ukiingia. Zikiliwa na kutu, gari inapinda tumboni ukiinua na mlango unabanwa. Kwa hivo mtihani wa kwanza ni huo: weka jeki upande mmoja, inua, fungua mlango na uufunge. Ukienda kama kawaida alhamdulillahi, endelea. Ukibanwa, salimia mwenye gari, sifia rangi yake, nenda zako.

Ukipita hapo, toa sumaku mfukoni, ifunge na kitambaa chembamba isikwaruze rangi, ipitishe chini ya milango, pembe za chini za matao ya magurudumu, na bati la mbele pale linapokutana na mlango. Ikiteleza bila kushika, hiyo ni filla. Inua zulia. Angalia nyuma ya siti, manake za zamani kabla ya mwisho wa 1974 zina betri mbili za volti 6 zimefichwa chini huko, asidi ikimwagika inakula bati kimya kimya. Halafu lala chini na bisbisi ugonge gonge. Mwenye gari akikasirika ati unamchafulia, ushapata jibu.

Ya pili niliitoa Nakuru, 180,000, injini imekufa kabisa, panya wamezaa ndani ya boneti, kila mtu akanicheka. Lakini bati lilikuwa kavu, Bara hakuna chumvi ya bahari hewani. Injini nikaitoa kwa ile ya kwanza nikaweka hii, na iliyobaki nikaiuza kwa vipande. Injini ya MGB inafunguliwa na spea bado zinatengenezwa Uingereza mpaka leo, unaagiza, unalipa ushuru, zinakuja. Bodi ikioza hapa Pwani utachomelea mpaka uzeeke. Na usiwaze kuagiza gari nzima kutoka nje, Kenya haikubali gari ya zaidi ya miaka 8, hizi ni zile zile zilizobaki nchini tangu namba za zamani za magari, kabla ya zile za kuanzia KAA. Ndo maana logbuku pia uiangalie sana: wengi walioandikwa mle washafariki, na bila barua ya mahakama ya urithi utakaa na gari ambayo si yako. Bima mimi nilipata thadi pati tu, ya kumlipa utakayemgonga, ile kubwa ya kulipia na gari yako walinikatalia.

Mafundi sasa. Nati za hii gari ni za inchi, na fundi wetu amezoea Toyota, mkononi ana spana 12 na 14. Nusu inchi ni kama milimita 12.7, atachukua 13, italegea kidogo, ataisukuma kwa nguvu, na kona za nati zimekwisha. Nunua seti yako ya inchi uiweke kwa buti, ukienda garaji unaitoa wewe mwenyewe na unasimama hapo hapo mpaka kazi iishe.

Petroli nayo. Injini hizi ziliundwa wakati petroli inatiwa madini ya risasi, na ile risasi ilikuwa yalinda siti za valvu za ekzosti, yaani pale valvu inapokalia ikijifunga. Tangu 2006 yetu haina. Ukizunguka mjini hutaona tatizo, lakini ukiikimbiza mpaka Nairobi mara kwa mara siti zinaliwa pole pole na nguvu inapotea, kwa hivo siku hedi ya injini ikifunguliwa waambie waweke siti ngumu, umalizane nayo.

Na joto! Foleni ya feri Likoni saa nane mchana, sindano inapanda na wewe unapanda nayo presha. Nilisafisha redieta, nikaongeza feni ya umeme, ikatulia. Siku nyengine ikazima pale pale kwenye mteremko, watu wapiga kelele, kumbe ni pampu ya petroli, iko nyuma karibu na gurudumu la kulia na kawaida inalia tik tik tik ukiwasha swichi. Ikinyamaza, pointi zake, zile ncha za umeme ndani, zimeganda. Nikavua kiatu, nikaingia chini, nikaigonga, tik tik tik, tukaingia feri.

Kuosha ndo watu hukosea zaidi. Ka-wash nyingi hapa hutumia maji ya kisima, na visima vyetu vingi vina chumvi, yaani unalipa mtu aipake gari yako kutu. Mimi nanunua mitungi miwili ya maji matamu kwa kijana wa mkokoteni kila Jumamosi, naimwagia yote chini kwa chini. Juzi akanitazama akatikisa kichwa, akaniambia, "Ami, gari yako yaoga maji matamu, na mimi nyumbani naoga ya kisima."