Wakija na ripoti ya mazingira, waulize walihesabu lini

Ukichaguliwa kwenye kamati ya mazingira ya kijiji, kitu cha kwanza kitakachokukuta ni maneno. Bioanuwai, mfumo ikolojia, kanuni ya tahadhari, maendeleo endelevu. Mshauri mwelekezi, aliyeleta ripoti ya athari za mradi kwa mazingira, anayamwaga mkutanoni, watu wanaitikia kwa vichwa, karatasi ya mahudhurio inazunguka, soda zinafunguliwa. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo kwa miaka, upande wa wananchi, na anayeanza huwa namwambia aachane na kukariri maana za maneno hayo. Chukua kisa kimoja kilichotokea kweli, ukijue vizuri, kisha kila neno ulitafute humo. Mimi natumia chura wa Kihansi.

Korongo la Kihansi lipo kwenye Milima ya Udzungwa. Maporomoko yake yalirusha manyunyu usiku na mchana, na pembeni pakawa na vinamasi vidogo visivyokauka. Ujenzi wa mradi wa umeme wa megawati 180 ulianza mwaka 1994. Mwaka 1996, kazi ikiwa imepamba moto, watafiti wakakuta humo chura wa manjano asiyefika sentimita tatu, anayezaa watoto hai badala ya kutaga mayai. Hajawahi kuonekana porini kwingine kokote duniani. Makazi yake yote yalikuwa kama hekta mbili, sawa na viwanja vitatu hivi vya mpira.

Hebu itazame hiyo miaka. Tanzania iliridhia Mkataba wa Bioanuwai, ule wa kulinda wingi wa aina za viumbe, mwaka huohuo wa 1996. Mkataba huo, uliofunguliwa Rio mwaka 1992, unataka athari za miradi kwa viumbe zipimwe ili ziepukwe. Kule korongoni fedha zilishatoka na handaki linachimbwa. Mitambo ilipowashwa, takribani asilimia 90 ya maji yalipelekwa huko, manyunyu yakafifia, vinamasi vikaanza kukauka.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mwenye ripoti ni: mlihesabu lini, na msimu gani? Wataalamu wanaiita hali ya awali, yaani picha ya mahali kabla mradi haujagusa kitu. Kurasa nyingine zote zimesimama juu yake. Ukisoma kwamba “hakuna viumbe adimu,” tafuta tarehe za kazi ya uwandani. Timu iliyopita siku chache za kiangazi haitakuta vyura waliojificha wakingoja mvua, wala ndege wanaohamia msimu mwingine. Na kisichohesabiwa mwanzoni, baadaye utadai vipi kwamba kimepotea? Hapa wanakijiji wana nguvu kuliko wanavyodhani. Mvuvi, mrina asali, mama anayechuma mboga za porini, kila mmoja anajua nini huonekana wapi na mwezi gani. Waseme mbele ya mkutano, na yaandikwe kwenye muhtasari, maana maneno ya pembeni hayafiki popote.

Swali la pili linahusu ngazi. Sera za bioanuwai hutaka uanze kwa kuepuka madhara, ukishindwa uyapunguze, kisha urejeshe kilichoharibika, na kufidia kuwe mwisho. Ripoti nyingi zinazopita mikononi mwangu huikimbilia fidia: watapanda miti, watajenga darasa. Waulize eneo mbadala lilikuwa lipi na kwa nini lilikataliwa. Kihansi ngazi ya kwanza ilikuwa imeshapitwa, zikabaki zile za gharama. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura wapatao 500 walisafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyizia maji, na kwa muda vyura wakaongezeka. Mwaka 2003 wakaporomoka ghafla. Ugonjwa wa fangasi unaoua vyura sehemu nyingi duniani ulikutwa kwao, na wengine wakahoji pia sumu za mashambani kutoka juu ya mto. Mwaka 2009 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linaloorodhesha viumbe vilivyo hatarini, ikatangaza kwamba porini ametoweka. Mwaka 2010 baadhi wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 kazi ya kuwarudisha korongoni ikaanza.

Sisemi umeme usizalishwe. Aliyekaa Dar es Salaam miaka ya tisini anaujua mgao. Ila kanuni ya tahadhari, yaani kutosubiri uhakika kamili kabla ya kuzuia madhara, utaielewa hapo: wanasayansi wangali wakibishana kipi hasa kiliwamaliza vyura wale, na kukosekana kwa uhakika huo hakukuwapunguzia madhara. Mtu akikwambia “hakuna ushahidi kwamba itadhuru,” muulize ni nani aliyeutafuta, na wapi.

Kuhusu ushirikishwaji, jifunze Lamu. Mwaka 2016 mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulipewa leseni ya mazingira na mamlaka ya Kenya. Wananchi wakapinga, na Juni 2019 Baraza la Rufaa la Mazingira likaifuta. Sababu mojawapo kubwa ni kwamba mikutano ilifanyika mwanzoni, watu wakaelezwa mradi, lakini matokeo ya utafiti wenyewe hayakurudishwa kwao wayajadili. Kwa hiyo mkutano wa utambulisho usiukubali uhesabiwe kuwa maoni yenu juu ya ripoti. Ripoti bado haipo, mtatoaje maoni juu yake?

Lile lengo la kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu na ya bahari ifikapo 2030, lililopitishwa Montreal Desemba 2022, mtalisikia sana. Wakilitaja kijijini kwenu, ulizeni ramani: mpaka unapita wapi, na malisho au bandari ya uvuvi inabaki upande gani.

Mengine ni ya utaratibu tu. Ombeni muhtasari wa Kiswahili mapema, msingoje asubuhi ya kikao. Karatasi ya mahudhurio iwe na kichwa kinachosema wazi ni mahudhurio, kwa kuwa saini iliyo juu ya karatasi tupu inaweza kubandikwa chini ya neno “tumeridhia.” Na kabla kitabu cha mihutasari hakijaondoka mezani, mjumbe mmoja apige picha kila ukurasa kwa simu, azitume kwenye kundi la kamati siku hiyohiyo.