Barua kwa mwanangu anayecheza mzee

Baba, habari ya huko Kisumu.

Voisi noti yako ya Jumapili nimeisikiza mara tatu, ya tatu nikiwa nachambua mboga. Umesema grupu yenu mmechagua ile komedi ya Mmarekani Jeff Baron, Visiting Mr. Green, na wewe wa miaka 27 ndio wamekupa mzee wa 86, sasa unaniuliza kicheko utakitoa wapi manake dairekta anataka mkono utetemeke, masikio yawe mazito, na utafute miwani nyumba nzima kumbe iko kichwani. Nakujibu kwa kuandika kwa sababu kwa simu unasema "sawa mama" kabla sijafika mahali nilikuwa naenda.

Hiyo ya miwani toa. Watu watacheka, sikatai, lakini watacheka mara moja na baada ya hapo huyo mzee amekwisha, hakuna mtu atamsikiza tena akisema kitu cha maana, na hiyo mchezo ina watu wawili tu kwa stegi toka mwanzo hadi mwisho, mmoja akikwisha mnabaki na nini?

Angalia vile yule mwandishi alifanya. Kijana Ross karibu amgonge mzee na gari, hakimu anamhukumu awe anaenda kwake kila wiki kwa miezi sita, na mzee mwenyewe hamtaki hata kidogo. Bibi yake amekufa juzi juzi, yuko peke yake kwa hiyo nyumba New York, na bado anamfukuza mtu wa pekee anayemletea supu. Hapo ndio kuna kicheko baba, mzee anakataa kusaidiwa na anakataa na akili zake zote. Ndio maana mtu kama Eli Wallach alikubali kumcheza 1996 ilipoanza, na yeye mwenyewe alikuwa ashapita miaka 80, hangekubali mzee wa kuangukaanguka.

Sisi huku tuna shule yetu ya hii kitu na wewe umeipitia. Unakumbuka kukhu, nyanya yako, alikuwa anakuita "mume wangu"? Ulikuwa na miaka sita, unaingia kwake anakuuliza "wewe mwanaume gani unarudi nyumbani bila sukari", na wewe unamjibu ati pesa iliisha kwa sababu yeye anakula sana. Babako angejaribu kumwambia mamake hivyo! Lakini mjukuu na nyanya wanaruhusiwa, utani ni wao, mzazi ndiye haruhusiwi. Nadhani ni kwa sababu mimi mzazi nina kazi ya kukurekebisha, yeye hakuwa na hiyo kazi tena, kwa hivyo mlikuwa mnaweza kuchokozana mkiwa sawasawa. Hiyo sawasawa ndio nataka uibebe kwa stegi. Hata Mzee Ojwang wa ile komedi ya TV Vitimbi, yule mwigizaji Benson Wanjau aliyetuacha 2015, hatukuwa tunacheka uzee wake, tulicheka ujanja, anapanga njama zake na Mama Kayai, bibi yake wa kwa TV, yuko nyuma yake.

Sasa wacha nikwambie kitu sijawahi kukwambia yote. Mwaka wa 1986 nilikuwa na miaka 19, nimemaliza shule nangoja kazi isiyokuja, na mama akawa ananituma kila jioni nipeleke uji kwa mzee mmoja jirani, mjane, zamani alikuwa fundi wa saa Kakamega mjini. Siku ya kwanza akaonja, akaniangalia, akasema "huu amepika mamako ama ng'ombe?" Nikarudi nyumbani nimevimba, nikamwambia mama siendi tena. Mama akanijibu, "nilikutuma uji, sikukutuma masikio."

Nikaendelea kwenda. Alikuwa na ubao wa drafti wa plaiwudi, zile boksi nyeusi amepaka na kiwi ya viatu, vifuniko vya soda vyake vimelala na vyangu vimeangalia juu. Nilicheza na yeye mwezi mzima bila kushinda hata mara moja, kumbe kila akikohoa kile kidole kidogo kinasukuma kifuniko. Siku nilimshika akasema hiyo kikohozi ni ya kweli, ni kidole ndicho kiongo.

Lakini ile ninayotaka uone vizuri ni hii. Jioni moja ananifundisha kufungua saa ya mkono, ana ile lenzi imekaa kwa jicho, mimi nashika bisibisi ndogo kama sindano, na skrubu ikaruka. Skrubu ya saa baba, punje ya mtama ni kubwa kuliko hiyo. Tukapiga magoti wote wawili kwa sakafu ya udongo, koroboi katikati, mimi napapasa huku nataka kulia kwa sababu saa ni ya mtu, yeye anapapasa upande wake anahema, tumekaa hapo mpaka magoti yakaniuma. Mwishowe anauliza kwa sauti ya upole kabisa, "kwani unatafuta nini, nikusaidie?" Kufungua kiganja, skrubu iko hapo. Aliipata zamani! Nilimpiga na kitambaa cha sufuria, na mtoto wa watu kumpiga mzee wa miaka themanini na kitambaa ni mambo makubwa, lakini tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna matanga.

Mkono wake ulikuwa unatetemeka, ndio. Lakini ukishika bisibisi unatulia. Ukitaka kutetemeka kwa stegi, tetemeka hivyo, na utulie mahali watu hawakutarajia.

Na usifikiri nilikuwa naenda kwa huruma. Nyumbani hakuna mtu alikuwa ananiuliza msichana nafikiria nini, yeye alikuwa ananiuliza, halafu anabishana na jibu. Yeye naye alitaka habari za barabarani, nani ameoa, nani ameuza shamba, kwa hivyo kila mmoja alikuwa na kitu anakula kwa mwenzake. Mwambie yule anayecheza Ross asikuje kama mtu wa kanisa anatembelea wagonjwa. Atafute ni nini anapata hapo.

Umesema pia wengine kwa grupu wanataka mkate ile sehemu kijana anamwambia mzee kwamba anapenda wanaume wenzake. Najua mtabishana, najua watu wa huku watasema nini. Mimi nasema msikate. Mzee Green alimkata binti yake mwenyewe kwa kuolewa na mtu si Myahudi, na sasa yuko mbele ya huyu kijana ameshampenda, atafanya nini? Mkitoa hapo inabaki supu na vichekesho. Rafiki yangu wa saa pia alikuwa hajaongea na kijana wake miaka mingi, na ni mimi nilimwandikia barua ya kumwita. Ilikuwa na mistari minne, mitatu ilikuwa juu ya ng'ombe. Nilimwambia ongeza kitu mzee, akasema ataelewa. Na alikuja, Krismasi hiyo.

Kitu kingine, hiyo ya kumtoa mzee New York kumleta Kondele hapo Kisumu, kijana awe wa boda boda. Ni nzuri, lakini kwanza muombe ruhusa ya mwenye mchezo, ni kazi yake. Halafu mfikirie hakimu. Sheria yetu ya huduma kwa jamii ya 1998 iko, lakini watu wakifungwa hivyo huwa tunawaona wanafyeka nyasi, wanapanda miti, hakimu kukutuma ukae na mzee sijaona. Huku aliyekuwa anatuma ni mama na uji. Lakini vijana wenyewe mko Kisumu na Nairobi, huyo mama amtume nani? Mimi nikitazama hii barabara yetu naona nyumba nne za wazee na hakuna mtoto anabeba kikombe. Labda mnahitaji hakimu kweli, wekeni hakimu.

Niambie tarehe mapema nitafute mtu wa kulisha kuku, nataka kiti cha mbele. Na ule ubao wa drafti mzee wa saa aliniachia, uko chini ya kitanda changu, vifuniko viwili vimepotea lakini utajazia vya huko. Kesho naupeleka stegi ya magari, unakuja na ile matatu ya saa nne, nimeufunga na gazeti, uende uuchukue mwenyewe, usitume mtu.

Mamako